Kinanda cha Langoni: upepo kwanza, ndimi baadaye

Harmoniamu iliyoletwa kwangu hapa Lamu ina vibonyezo 42 na safu mbili za ndimi za shaba, vile vipande vyembamba vinavyotetemeka na kulia upepo ukipita, kwa hivyo ndimi 84, ukiacha tano za sauti ya kudumu, ile inayolia mfululizo chini ya wimbo. Sanduku lake ni la msaji. Ndani ya kifuniko kuna kibandiko ambacho mende wamekila karibu chote. Neno linalosomeka ni Bombay tu, na kwa kuwa jiji hilo lilibadilishwa jina kuwa Mumbai mwaka 1995, yaelekea kinanda ni cha kabla ya hapo. Familia inasema ni cha zamani zaidi, na mbao zake zinakubali. Mwenyewe alikuwa mpigaji wa taarabu za harusi, mtu wa mtaa wa Langoni. Tangu afariki, kinanda kilikaa juu ya kabati kimefunikwa leso, mpaka bintiye alipoamua kitengenezwe.

Alipokileta alisema maneno machache: “Fundi, mimi sitaki kipya. Vipya Mombasa viko tele. Nataka hichi cha babangu kipigike harusini, basi.” Kwa hivyo kazi ilikuwa na mpaka wake. Hapakuwa na haja ya kukirembesha kiwekwe makumbusho, wala ya kukitoa matumbo yote na kukitia mengine. Kilitakiwa kilie, kilie sawa, na kistahimili kesha la usiku mzima.

Hali kiliyokuja nayo ilikuwa hii. Vibonyezo 11 vilikuwa bubu. Vingine vililia vyenyewe mara tu mvukuto ulipopigwa, hata kabla ya kidole kugusa. Vilivyobaki vilitoa sauti ya kuyumba: ukipiga mvukuto kwa nguvu sauti inazama, ukilegeza inapanda. Na upepo haukukaa. Ukijaza mvukuto ukaondoa mkono, mara hiyo hiyo umekwisha na kinanda kimekata kauli.

Kabla yangu kilikuwa kimeshapita kwa fundi mmoja huko bara. Alama za mkono wake zilionekana bila kutafutwa: silikoni kwenye pembe za mvukuto, gundi ya viatu juu ya mikunjo, na ndimi tatu za sauti nene zimepigwa tupa kwenye ncha. Familia ililipa, kinanda kikarudi, kikapigwa kidogo sebuleni, kikapandishwa tena kabatini. Jinsi ndimi zile tatu zilivyofikia kupigwa tupa ndiyo sehemu ya kisa hiki ninayotaka kuieleza kwa urefu, kwa sababu nimeona vinanda vingi pwani vikiharibiwa kwa njia hiyo hiyo, na mara nyingi na mafundi wenye sikio zuri.

Anayetazama kinanda huona vibonyezo, lakini mambo yote yako kwenye upepo. Alexandre Debain alipoisajili harmoniamu Paris mwaka 1842, ilipigwa upepo kwa miguu. Aliyeifanya ya kuwekwa chini, mkono mmoja ukipiga upepo na wa pili ukipiga vibonyezo, ni Dwarkanath Ghose wa Calcutta mwaka 1875, na aina hiyo ndiyo iliyovuka bahari ikafika kwetu. Sasa, mvukuto wa nyuma unaosukumwa na mkono haupeleki upepo kwenye ndimi moja kwa moja. Unaupeleka kwenye mvukuto wa pili uliofichwa chini ya sanduku, na huo una springi zinazoukandamiza saa zote. Mkono unapiga na kuacha, unapiga na kuacha, lakini upepo unaofika kwenye ndimi hubaki na nguvu ile ile, kwa kuwa mvukuto wa ndani unasawazisha.

Ulimi wa shaba ni mwepesi wa kuathirika na nguvu ya upepo. Ukiuzidishia upepo, sauti yake hushuka kidogo, na ndimi ndefu za sauti nene ndizo zinazoshuka zaidi. Kinanda kinapovuja, mvukuto wa ndani haujai, mpigaji analazimika kusukuma kwa nguvu ili kipatikane cha kusikika, na kila msukumo unafika kwenye ndimi kama ulivyo. Sauti nene zinazama. Fundi aliyeketi kando na kipimo chake anasoma kwamba ulimi uko chini, na yeye anajua, tena anajua kweli, kwamba ukipunguza shaba kwenye ncha ya ulimi sauti inapanda. Anachukua tupa. Anapandisha. Kipimo kinamwambia sawa. Lakini kipimo kilikuwa kinapima uvujaji, na shaba iliyoondoka kwenye ncha hairudi.

Kwa hivyo dalili ya kwanza ninayoitafuta ni hii: je, sauti inahama mkono unapobadilika? Ikiwa inahama, ulimi hauna kosa, au angalau hatuwezi bado kujua kama unalo. Hapo tupa inabaki mkobani mpaka upepo utulie.

Kuutafuta uvujaji nilianza kwa kufunga vishikizo vyote vya mbele, vile vya kuvuta vinavyozifungulia ndimi upepo, kujaza mvukuto na kusikiliza. Kulikuwa na mivumo kila upande, haikusaidia. Bintiye ndiye aliyeleta chetezo. Nyumba za Lamu hazikosi udi, na moshi wa udi ni mwembamba, unapanda wima mahali pasipo na upepo, na unapinda hata kwa pumzi usiyoisikia. Tulifunga madirisha, tukaweka kinanda mezani, nikawa naupitisha moshi taratibu kando ya kila ungio huku yeye akisukuma mvukuto. Kwenye pembe ya kushoto ya mvukuto wa nyuma moshi ulitupwa kando kabisa. Kwenye pembe ya kulia, iliyokuwa na silikoni nyingi zaidi, nako ulitupwa. Silikoni ilikuwa imeshika yenyewe kwa yenyewe, haikushika ngozi. Kisha nikafika mahali ambapo sikutarajia, ule mshono baina ya ubao wa ndimi na sanduku, upande wa sauti nyembamba. Moshi ulipinda hapo kwa urefu wa kiganja.

Tahadhari moja kwa atakayefanya hivi nyumbani kwake. Vibonyezo vya vinanda vya zamani mara nyingi vimevikwa seluloidi, na seluloidi inashika moto kwa kasi ya kutisha. Makaa ya chetezo yasikaribie vibonyezo. Mimi nilichukua kijiti cha udi badala ya chetezo chenyewe pale nilipofika mbele ya kinanda.

Mvukuto wa nyuma ulibidi uvuliwe wote. Silikoni ina ubaya mmoja ambao mafundi wengi hawausemi: ikishapakwa, hakuna gundi nyingine itakayoshika juu yake, na hata ukiikwangua hubaki utando usioonekana. Kitambaa na ngozi zilizoguswa nayo nilizikata nikazitupa. Kadibodi za mikunjo zilikuwa nzima, isipokuwa mbili zilizoliwa kingo, na hizo nikazikata upya kwa kufuatisha za zamani. Ngozi ya pembe ndiyo iliyosumbua. Mshona makubadhi wa jirani alinipa mabaki yake kwa moyo mmoja, lakini ngozi ya makubadhi ni nene mno. Pembe ya mvukuto inajikunja na kujikunjua kila sekunde, inataka ngozi laini ya mbuzi ya nusu milimita au chini yake, ile inayotumika ndani ya mikoba. Ikaagizwa Mombasa, ikaja kwa basi mpaka Mokowe, na kwa mashua mpaka hapa.

Gundi niliifikiria sana, na najua wapo watakaonipinga. Mafundi wa kale wa vinanda walitumia gundi ya ngozi inayopashwa moto, na sifa yake kubwa ni kwamba fundi wa kesho akitaka kuibandua, maji ya moto yanatosha. Kwa mji mkavu nisingefikiri mara mbili. Lamu si mkavu. Mwezi wa Mei, masika yanapokuwa yamekolea, gundi hiyo inafyonza unyevu, inaota ukungu, na mende wanaila kama walivyokula kile kibandiko. Kwa hivyo niliigawa kazi. Vifuniko vya matundu, ambavyo vitahitaji ngozi mpya tena siku moja, nilivibandika kwa gundi ya ngozi. Mikunjo ya mvukuto, inayotakiwa ikae na isiliwe, niliibandika kwa gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kidogo. Gundi ya viatu sikuigusa kabisa, kwa sababu inalegea kwenye joto, na joto tunalo mwaka mzima.

Ule uvujaji wa ubao wa ndimi ulikuwa na chanzo cha kawaida: utepe wa ngozi unaoziba baina ya ubao na sanduku umekauka ukawa mgumu. Ngozi mpya ikatosha. Ila kuufungua ubao haikuwa rahisi. Skrubu ni za chuma, na chuma hapa hakidumu na hewa ya chumvi. Zilikuwa zimegandana na mbao. Seremala aliyekuwa amenisaidia kukata kadibodi aliniona nikiongeza nguvu kwenye bisibisi akanishika mkono. “Usiulazimishe, bwana. Ukivundika hapana mwengine.” Alikuwa na haki. Mafuta hayafai kutiwa hapo, kwa kuwa yanaingia kwenye mbao, yanaua ngozi na kushika vumbi. Kinachofaa ni ncha ya pasi ya kuchomea risasi, iliyopata moto, kuwekwa juu ya kichwa cha skrubu mpaka chuma kitanuke kidogo. Kikipoa, kutu inakuwa imeachia, na skrubu inazunguka kwa mkono mwepesi. Zote zilitoka nzima.

Kisha vifuniko. Chini ya kila kibonyezo kuna kifuniko kidogo cha mbao chenye felti na ngozi, kinachoziba tundu la ndimi zake. Felti ilikuwa imetobolewa na nondo, na ngozi imekakamaa ikabaki na alama ya mviringo wa tundu. Hivyo ndivyo vibonyezo vilivyokuwa vikilia vyenyewe. Nilibadilisha vyote 42, ingawa vingine vilionekana bado vizuri, kwa sababu felti mpya na ya zamani zikichanganyika vibonyezo havikai usawa mmoja na mkono wa mpigaji unalijua hilo mara moja. Kila kimoja nilikipima kwa karatasi ya sigara: weka karatasi chini ya kifuniko, vuta. Ikitoka bila kukwama, kifuniko kinavuja upande huo. Hapa ndipo penye kishawishi cha kukaza springi ya waya ili kifuniko kibane zaidi. Inasaidia kidogo, lakini vibonyezo vinakuwa vizito, na mpigaji atachoka kabla ya bwana harusi kutolewa. Nilikaza nne tu zilizokuwa zimelegea kweli.

Baada ya hayo tulikifunga kinanda, tukajaza mvukuto wa ndani na kuuacha. Ulichukua karibu nusu dakika kushuka. Nikapiga vibonyezo vyote tangu mwanzo mpaka mwisho kwa upepo uliotulia, na kati ya vile 11 vilivyokuwa bubu, saba vililia bila ulimi kuguswa hata mmoja. Vilikuwa na njaa ya upepo tu.

Vinne vilivyobaki vilikuwa na uchafu. Shaba ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, na hewa ya bahari huiotesha kutu ya kijani. Punje ndogo ya kutu hiyo, au vumbi la felti iliyoliwa, ikikaa baina ya ulimi na kingo za tundu lake, ulimi hausogei. Bintiye aliposikia habari ya kutu ya kijani alitaka kunisaidia. Masinia ya shaba ya nyumbani kwao huyasugua kwa ukwaju na majivu, yakameta. Nikamwambia, “La, mama, huku ukwaju hauingii.” Sinia likipoteza shaba kidogo kwa tindikali halijali. Ulimi ukipoteza shaba, sauti imebadilika, na inabadilika ovyo kwa sababu tindikali haichagui pa kula. Nilitumia mswaki laini, kijiti cha mwanzi kilichochongwa ncha na spiriti kidogo, kufuata urefu wa ulimi, si kuukatiza. Mkwaruzo unaokatiza ulimi ndio mahali utakapopasukia.

Hilo lilithibitika siku ile ile. Moja ya ndimi tatu zilizopigwa tupa, ile ya noti ya F# ya safu nene, ilikuwa na mkwaruzo wa namna hiyo. Nilipoipiga kwa upepo mzuri ilianza vyema, halafu ikashuka ghafla karibu sauti nzima ikabaki huko. Ulimi unaoshuka ghafla namna hiyo umepasuka, hata kama jicho halioni ufa. Tupa ndiyo iliyouanzisha.

Zile mbili nyingine, sasa zikipata upepo wake sawa, zilikuwa juu kuliko wenzake. Wapimaji wa sauti hugawa nusu sauti moja katika sehemu 100 wakaziita senti. Moja ilikuwa juu kwa senti 18 na ya pili kwa senti 12. Hizo ndizo senti ambazo fundi wa kwanza aliongeza ili kufidia upepo uliokuwa ukivuja. Ukitaka kuushusha ulimi, unakwangua karibu na ribiti, pale mzizi wake ulipo, ili ulegee. Ndimi za sauti nene ni ndefu na zina nyama ya kutosha, kwa hivyo zilistahimili. Unatia kipande chembamba cha karatasi ngumu chini ya ulimi usikandamizike, unakwangua mara mbili tatu, unarudisha ubao mahali pake, unapima. Unafungua tena. Ukipima ulimi nje ya kinanda kwa kuupuliza, unajidanganya, kwa maana ndani ya sanduku una sauti yake nyingine. Ni kazi ya subira na haina njia ya mkato.

Kwa ule uliopasuka palikuwa na njia mbili. Ndimi mpya zinapatikana. Palitana, huko Gujarat, ni mji unaojulikana kwa kazi hiyo, na duka la ala Mombasa lingeweza kuagiza. Lakini ulimi mpya ndani ya safu ya zamani husikika mgeni, mkali kuliko jirani zake. Nikakumbuka zile tano za sauti ya kudumu. Katika vinanda vya Kihindi hizi hulia mfululizo chini ya wimbo, na mara nyingi hupangwa kwenye vibonyezo vyeusi: C#, D#, F#, G#, A#. F# yake ilikuwa ya okteva ile ile, shaba ile ile, umri ule ule. Taarabu haina haja ya sauti ya kudumu. Binti alisema babake hakuwahi kuvuta vishikizo vile hata mara moja, na ukavu wa vishikizo vyenyewe ulimuunga mkono. Nikauhamisha. Kwa mtu anayehifadhi ala kwa ajili ya makumbusho hili ni kosa, na namwelewa. Kwa kinanda kinachokwenda harusini nadhani ni sawa kabisa. Ulimi uliopasuka nimeutia kwenye bahasha, nikaandika ulitoka wapi, nikaufunga ndani ya sanduku pale usipogusana na kitu.

Likabaki suala la kimo cha sauti. Nilipima ndimi zote ambazo hazikuwahi kuguswa na tupa, na karibu zote zilikubaliana: noti yake ya A ni hezi 444, yaani mitetemo 444 kwa sekunde. Kibodi za umeme zinazotumika harusini hutoka kiwandani zikiwa 440. Tofauti hiyo ni karibu sehemu moja ya sita ya nusu sauti, na vikilia pamoja kwenye noti hiyo utasikia mawimbi manne kila sekunde. Si jambo la kufumbia macho. Mpigaji kibodi wa kundi la huko Mkomani, aliyetarajiwa kupiga nacho, alinitaka nikishushe chote kifike 440 “kiwe cha kisasa”.

Nilikataa, na sababu zangu ni mbili. Kukishusha ni kukwangua mizizi ya ndimi zaidi ya themanini. Zile nyembamba za juu hazina shaba ya kutosha, zingelegea na kukwama. Na ya pili ni kwamba kukubaliana kwa ndimi nyingi hivyo kunaonyesha kuwa 444 ndipo kinanda kilipozaliwa, au angalau ndipo kilipoishi miaka yake yote. Udi, ile ala ya nyuzi, unafungwa upya kwa vigingi. Fidla pia. Kibodi ya umeme ina mahali pa kuihamisha kwa namba, na nilikaa na kijana yule tukaitafuta kwenye menyu ya kibodi yake mpaka tukaipata. Chombo pekee katika kundi lile kisichoweza kumfuata mwenzake ni harmoniamu. Basi wengine wakifuate.

Kilichohitajika ni safu mbili kukubaliana zenyewe kwa zenyewe. Safu ya pili iko okteva moja juu ya ya kwanza, na ukipiga kibonyezo kimoja na safu zote wazi, mawimbi yakisikika basi mojawapo imehama. Nilifuata sikio hapo kuliko kipimo cha simu. Vibonyezo sita vilikuwa na wimbi la polepole, nikarekebisha vinne. Viwili niliviacha, kwa sababu wimbi lao ni la kivivu sana, na kwa kweli linampa mpigaji ule mtetemo mdogo ambao watu wa taarabu wanaupenda.

Binti aliuliza jambo zuri ambalo sikulitegemea. Je, inawezekana noti mbili zishushwe kwa robo sauti, ili maqamu ya rasti, ule mpangilio wa noti wa Kiarabu, yapigike? Alikuwa amesikiliza sana udi wa marehemu Zein l'Abdin, mzaliwa wa mji huu, na alisikia kwamba kinanda cha babake hakifiki mahali ule udi unapofika. Amesikia sawasawa. Harmoniamu imegawanywa sauti 12 zilizo sawa kwa okteva, na robo haimo. Lawama hiyo si ya kwetu peke yetu: All India Radio iliipiga marufuku hewani tangu 1940 mpaka 1971, na sababu moja kubwa ilikuwa hiyo hiyo, kwamba haiwezi kuteleza baina ya noti wala kufika zile sauti ndogo. Inawezekana kushusha noti mbili. Lakini nyimbo alizopiga babake, kama alivyonieleza mwenyewe, ni zile za mwelekeo wa Kihindi, mtindo ambao marehemu Juma Bhalo aliupa sifa Mombasa na harmoniamu ikiwa mbele yake. Nyimbo hizo zinakaa vizuri ndani ya sauti 12. Tungeshusha E na B, tungepata rasti moja, na kupoteza nyimbo zote zilizokijaza kinanda hiki harusi za mji mzima. Alifikiri, akasema tuache. Nilifurahi, ingawa uamuzi ulikuwa wake.

Kimepigwa harusini. Sikuwa na shaka na sauti. Shaka yangu ilikuwa kwenye mvukuto, na ulistahimili mpaka alfajiri. Mpigaji, mpwa wa marehemu, alilalamika kwamba vibonyezo vitatu vya juu kabisa vinachelewa kuitika, na ni kweli. Pengo baina ya ncha za ndimi hizo na tundu lake ni pana kidogo, kwa hivyo upepo unapita kabla ulimi haujashtuka. Pengo linalotakiwa ni kama unene wa ncha ya ulimi wenyewe, na kwa ndimi fupi kama hizo mkono ukizidi kidogo tu ulimi unabaki bubu. Nimeamua kutozigusa mpaka nipate ndimi za akiba za ukubwa huo. Nyimbo chache zinafika huko.

Nimewapa maagizo machache. Kisirudi juu ya kabati chini ya dari ambako joto linapanda. Kikae kwenye sanduku la mbao lenye karafuu na mwarobaini kwa ajili ya nondo na mende, na kipigwe walau mara moja kwa wiki, kwa kuwa ngozi isiyojikunja inakakamaa. Masika yakipita watakileta nifungue mvukuto wa nyuma. Pembe ya kushoto nimeibandika kwa gundi nyeupe na ya kulia, kwa makusudi na kwa idhini yao, kwa gundi ya ngozi iliyotiwa mafuta kidogo ya karafuu dhidi ya ukungu. Mwezi wa saba tutajua ipi imeshika.